Serikali Haimbebi Mtu Bure

Koplo Bibie Zubery alikuwa akisumbuliwa na miguu kuliko alivyosumbuliwa na wahalifu. Wahalifu kwa kweli hakuwa nao. Alikuwa na lango la bati, kiti cha plastiki kilichovunjika mkono mmoja, na wanafunzi waliompigia "shikamoo afande" kila asubuhi, mmoja baada ya mwingine, mpaka ile marahaba ikawa inamtokea puani. Jua la Usangu likishapanda, viatu vya serikali vinabana, miguu inavimba, naye anavua kiatu kimoja kwa siri chini ya kiti, akiomba asipite mkubwa yeyote.

Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Aliomba apelekwe Mbalizi, alikozaliwa, ambako marehemu baba yake aliuza vitenge sokoni na ambako mama yake sasa amelala kitandani hawezi hata kujigeuza. Ujana wake wote uliishia kwenye kizuizi cha barabarani Ruaha Mbuyuni, akinusa vitunguu vya watu ndani ya malori, kisha Iringa mjini akilinda mlango wa benki. Akadhani wakubwa watamwonea huruma. Wakamwonea huruma kweli. Wakasema, Bibie, wewe mtu mzima sasa, tunakupa kazi nyepesi, kakae shuleni.

Nyepesi, eti.

Mwaka uliotangulia wavulana wa Sekondari ya Isunula walikuwa wamepigana fimbo, watoto wa wafugaji huku na watoto wa wakulima wa mpunga kule. Ulikuwa ugomvi wa baba zao, ng'ombe wa nani wameingia shamba la nani, nao wakaubeba mpaka darasani. Mmoja akavunjika mkono. Juu ya hapo walikuwapo vijana wa bodaboda waliokuwa wakiwavizia mabinti njiani. Wazazi wakakutana, wakafoka, wakasema kwa sauti moja wanataka polisi. Wakaletewa Bibie, na siku aliyofika walimpigia makofi na kumlisha wali kwa kuku.

Makofi yalipokwisha, kila kitu kikawa cha afande. Mwanafunzi kachelewa, mpelekeni kwa afande. Kasuka nywele, afande. Kalamu imepotea, afande. Mpishi kamtukana mpishi mwenzake, afande njoo usikie mwenyewe. Mwalimu wa zamu, ambaye zamani angewakalisha wagomvi wawili dawati moja mpaka wacheke, sasa alisema tu, "Nitamwita afande," akarudi kunywa chai yake. Hata mkuu wa shule, Mwalimu Lutengano, Mnyakyusa mnene mwenye maneno matamu, alipenda kumwonyesha kwa wageni. "Tangu afande aje," alikuwa akisema, "hapa ni kimya kama kanisani Jumatatu." Bibie alisimama pale akiwa na kirungu chake, akatabasamu, na miguu ikimwaka moto.

Kati ya wanafunzi wote, mmoja ndiye aliyekuja langoni bila kuletwa na mtu. Jina lake Mbuke, binti wa Budeba, wa kidato cha nne. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kupiga goti akisalimia hata kama ardhi ina tope. Alitoka Mwashilindi, kijiji cha Wasukuma kilicho mbali ng'ambo ya mashamba ya mpunga, ambako baba yake alihamia na ng'ombe akiwa kijana. Mabinti wa Mwashilindi walikuwa wakianza shule vizuri, halafu mmoja mmoja wanapungua, huyu kaolewa, huyu kapewa mimba, huyu anachunga wadogo zake. Mbuke alikuwa wa kwanza kufika kidato cha nne. Alitaka kusomea mifugo, awachome sindano ng'ombe wa baba yake mwenyewe badala ya kumsubiri yule bwana mifugo anayekuja ng'ombe keshakufa. Budeba, ingawa hakuwa mtu wa maneno, alikuwa akijisifu mnadani kwa jambo hilo.

"Afande," Mbuke alisema siku hiyo, "njia imenishinda."

"Imekushindaje?"

"Yule Boniface wa bodaboda. Kila jioni ananingoja pale darajani kwenye mfereji. Nikipita anashika begi. Jana alishika mkono."

"Umemwambia baba?"

Mbuke akatazama chini. "Nikimwambia baba atasema basi, kaa nyumbani."

Hapo Bibie alielewa bila kuongezewa. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza siku chache. Binti akikaa nyumbani sasa, ndiyo imetoka. Basi kwa mara ya kwanza tangu aletwe Isunula, Bibie aliona kuna kazi ya polisi mbele yake, kazi ya kweli, si ya kalamu wala nywele. Akajisikia kijana kidogo. Akasema, "Leo nitakupeleka mwenyewe."

Akatoa pikipiki ya kituo, ile nyeupe yenye maandishi ubavuni, akampakia Mbuke nyuma. Walipofika darajani Boniface alikuwapo kweli, kakaa juu ya tanki la pikipiki yake, anatafuna muwa. Bibie hakumwambia kitu. Alipunguza mwendo tu, akamtazama usoni, akapita. Yule kijana akaacha kutafuna.

Jua lilikuwa linazama walipoingia kwa Budeba. Mzee alikuwa uani na majirani zake, wanatengeneza plau la ng'ombe kwa ajili ya msimu. Pikipiki iliponguruma wote wakasimama. Mama yake Mbuke, Kulwa, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mbuke akashuka, akapiga goti kumsalimia baba yake, na baba yake hakuitikia. Bibie aliliona hilo, lakini alikuwa hoi. Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa Chimala, na njia ya kule ikinyeshewa hata ng'ombe wanakwama. Akainua mkono kuwapungia, akageuza pikipiki, akaondoka. Hakushuka, hakumwamkia mzee, hakusema hata neno moja.

Jamani, uchovu ni kitu kibaya. Mtu unasema kesho nitaongea nao vizuri.

Kesho yake Mbuke hakuja. Bibie akadhani malaria. Kesho kutwa hakuja pia. Ndipo alipomwita msichana mwingine wa Mwashilindi, Rozalia wa kidato cha pili, akamuuliza mwenzake anaumwa nini.

Rozalia akamkodolea macho. "Si umemkamata wewe, afande?"

"Nimemkamata nani?"

"Mbuke. Watu wote wamekuona ukimrudisha. Wanasema umemkuta na Boniface. Na Boniface mwenyewe ameshakimbia, yuko Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, hata mama yake hakumuaga."

Bibie akakaa kwenye kile kiti chake, upande usio na mkono, nusura aanguke. Aliposhika tama na kufikiri taratibu, aliona jinsi mambo yalivyojipanga. Mwanzoni mwa mwaka, binti mwingine wa Mwashilindi alirudishwa kwao vilevile na polisi mwingine wa kituo, kwa pikipiki hiyo hiyo, jioni. Alikuwa na mimba. Wiki ile ile kijana mmoja alichukuliwa, na sheria haina mchezo na mtu anayempa mimba mwanafunzi, ni miaka thelathini. Tangu hapo Mwashilindi wanajua pikipiki nyeupe inapomleta binti nyumbani inaleta nini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Boniface naye, mwoga wa watu, alipotazamwa mara moja tu usoni alifunga mizigo akatokomea, na kukimbia kwake kukawa ndiyo muhuri wa kesi yenyewe.

Alikwenda kwa mkuu wa shule. Mwalimu Lutengano alikuwa anapanga viti vya mahafali.

"Twende wote, Mwalimu," Bibie akasema. "Wewe wanakuheshimu. Ukiwaambia binti hana kosa, watakusikia."

Mwalimu Lutengano akashusha pumzi. "Afande, mimi nikienda nitasema nini? Watauliza kama hana kosa, kwa nini polisi alimbeba. Nitajibu nini? Mambo ya ndani ya lango ni yangu, ya nje ya lango tulikuletea wewe." Halafu, kwa sauti ya kubembeleza, "Na kesho nina semina Mbeya. Unajua mwenyewe."

Alijua mwenyewe. Alikuwa amekwisha kuzoea kujua mwenyewe.

Jumamosi asubuhi Bibie alivaa dera na ushungi, akaacha sare ukutani, akakodi baiskeli ya jirani, akaenda Mwashilindi. Alitaka waone mama mtu mzima, si serikali. Aliiacha baiskeli mbali na uani, akabisha hodi kwa adabu, akasalimia kwa salamu yao, mwangaluka, akaitikiwa mwangaluka. Kulwa akamletea kigoda na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri.

"Mzee Budeba," Bibie akaanza, "nimekuja kwa sababu ya binti yetu. Hakuna kosa alilofanya. Mimi sikumkamata. Yule kijana alikuwa anamsumbua njiani, nikasema nimsindikize afike salama. Ni hilo tu."

Budeba alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mkavu, mwenye mikono mikubwa, na fimbo yake ilikuwa imelala mapajani.

"Siku ile," akasema, "ulikaa pale juu ya pikipiki, na majirani zangu hawa wote wanakutazama. Ulisema hivyo?"

"Sikusema."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nimechoka, mzee wangu. Na mvua ilikuwa inakuja."

"Ulichoka." Alilitamka lile neno taratibu, bila dharau. "Mimi nimekaa bonde hili miaka mingi, afande. Serikali imekuja kwangu kuhesabu ng'ombe zangu. Imekuja kuniambia nihame. Imekuja kuchukua kijana wa mwenzangu. Haijawahi kunibebea hata mzigo wa kuni. Leo unaniambia serikali imembeba mtoto wangu kutoka shule mpaka mlangoni, bure, hana kosa. Nani atakubali? Mimi nikikubali, nani mwingine atakubali? Serikali haimbebi mtu bure."

"Lakini ndiyo ukweli."

"Sijasema ni uongo."

Budeba angekuwa mtu mjinga, mkaidi, mlevi, Bibie angejua la kumfanya, polisi wamezoea watu wa namna hiyo. Huyu alikuwa amekaa tu, amechoka kama yeye. Budeba akaeleza kuwa shangazi yake Mbuke anaishi Mpanda, na kule yuko mfugaji mmoja, amefiwa na mke, amekubali kumwoa binti pamoja na maneno yanayosemwa juu yake. Gari la kwenda ni Jumatatu.

"Jumatatu ndiyo mtihani unaanza," Bibie akasema.

"Najua. Kalamu zake nilinunua mimi."

Ndipo Bibie alipojaribu karata ya mwisho. "Mzee, sheria hairuhusu kumtoa mtoto shuleni. Unaweza kushtakiwa."

Budeba akamtazama kuanzia ushungi mpaka kandambili. "Sheria leo imevaa dera," akasema. "Siku ulipokuja na sare hukufungua mdomo, tukakusikia wote. Leo umekuja mama wa watu, unaongea vizuri, na mimi nakuheshimu. Lakini nikiwaambia majirani kwamba alikuja mama mmoja na baiskeli akasema mtoto ni safi, watanicheka. Kunywa maziwa yako, mama."

Akayanywa. Yote, maana kuyaacha kungekuwa matusi. Akaaga.

Alikuwa ameshafika zizini, anaikokota baiskeli, aliposikia miguu nyuma yake. Ni Mbuke, na ndoo tupu kichwani, anajifanya anakwenda kisimani. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Afande, kesho rudi."

"Nirudi niseme nini, mwanangu? Baba yako kamaliza kila kitu."

"Usiseme kitu. Rudi na sare. Njoo na pingu, unikamate."

Bibie alidhani hakusikia vizuri. "Kwa kosa gani?"

"Lolote. Wao si wanajua tayari? Wewe njoo tu. Baba shule anaweza kuikataa, na mwalimu anaweza kumkataa, hata wewe hivyo ulivyo anaweza kukukataa. Polisi hawezi. Ukinikamata kesho, Jumatatu niko Isunula."

"Mbuke, nikikuvisha pingu hapa, hili jina halikutoki tena. Unalijua hilo?"

"Nikienda Mpanda ndiyo litanitoka?" Akaweka ndoo chini. Alikuwa na umri wa kuolewa mara mbili kwa hesabu za pale kijijini, na bado alionekana mtoto. "Mimi nataka kufanya mtihani, afande. Mengine nitayaona baadaye."

Bibie aliikanyaga ile baiskeli mpaka Isunula akiwa hana habari na matope. Kumkamata mtu asiye na kosa. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa ameona wenzake wakifanya hivyo, kwa hasira, kwa tamaa, kwa uvivu, na yeye alijisifia jambo moja tu kubwa, kwamba hakuwahi. Ikijulikana, hatafika hiyo miaka miwili. Atarudi Mbalizi hana mbele wala nyuma, mama yake amtazame kutoka kitandani amuulize kulikoni. Na asipofanya, basi, atakaa langoni Jumatatu asubuhi, atawaitikia watoto shikamoo zao, na dawati moja litakuwa tupu, na kila mtu atasema shule iko salama.

Jumapili mchana akapiga pasi sare. Akapaka viatu rangi. Alikuwa na hasira na hakujua ni ya nani. Hasira na Boniface, hasira na Mwalimu Lutengano na semina yake, hasira na wale wazazi waliopiga makofi, na zaidi ya wote na yule mwanamke aliyekaa juu ya pikipiki jioni ile akaogopa mvua.

Uani kwa Budeba aliwakuta watu wengi kuliko alivyotaka. Safari hii hakusalimia. Alizima pikipiki, akashuka, akapita katikati yao akasimama mbele ya Mbuke aliyekuwa anapembua mchele.

"Mbuke Budeba, uko chini ya ulinzi. Simama."

Mbuke akasimama. Akaweka ungo pembeni taratibu mchele usimwagike, akanyoosha mikono. Pingu zilikuwa kubwa kwake, Bibie akazibana mpaka tundu la mwisho. Hakuna aliyepinga. Hilo ndilo lililomuumiza Bibie kuliko kama angepigwa mawe. Majirani walitikisa vichwa kama watu waliosikia habari wanayoijua. Budeba alikuwa amesimama, fimbo mkononi, na Bibie aliona mabega yake yakishuka, si kwa huzuni peke yake, kulikuwa na kitu kama nafuu ndani yake. Kumbe hata yeye alikuwa na shaka. Kumbe yale maneno ya dera na maziwa yalikuwa yamemgusa, amelala anajiuliza kama anamwonea mtoto wake, na sasa serikali imekuja kumtoa shaka.

"Nilijua," Budeba akasema, polepole, kama anajiambia mwenyewe.

Kulwa peke yake ndiye aliyelia. Alilia bila sauti, kanga mdomoni, akimtazama Bibie machoni bila kupepesa.

Pikipiki haina mahali pa kushika kwa mtu aliyefungwa mikono. Ikabidi Mbuke apitishe mikono yake juu ya kichwa cha Bibie, amkumbatie kiunoni, pingu zikakaa tumboni juu ya vifungo vya sare. Walikwenda hivyo kilomita zote zile. Walipovuka mfereji Bibie akasimamisha pikipiki, akatoa ufunguo.

"Bado," Mbuke akasema mgongoni kwake. "Pale kwenye mashine ya kukoboa kuna watu wa kwetu. Wakiniona sina pingu watampelekea baba habari."

Basi wakapita mashineni, wakapita dukani, wakapita mbele ya kanisa watu wakitoka ibada ya jioni, na wote walimwona binti wa Budeba, aliyekuwa asome mifugo, amefungwa kama mwizi wa kuku. Bibie alihisi Mbuke akificha uso mgongoni kwake, na hakugeuka.

Mtihani ulianza. Mbuke alilala chumbani kwa Bibie, kitanda kimoja, huyu kichwa huku, huyu kichwa kule. Alikula kidogo, alisoma sana, alisema "wabeja", asante ya kwao, kwa kila kitu, hata kwa maji ya kunywa. Asubuhi aliingia kwenye chumba cha mtihani na wenzake wakampisha njia, wengine kwa huruma, wengine kwa kuogopa kumgusa. Mwalimu Lutengano alimwona, akamtazama Bibie, akapita zake. Siku ya mahafali, mtihani ukiwa bado katikati, alisimama mbele ya wageni akasema mwaka huu shule haikupata tukio hata moja, shukrani kwa jeshi la polisi, tumpigie afande makofi. Walipiga. Bibie aliinuka, akakaa. Alikuwa ameona jambo ambalo wageni hawakuwa na namna ya kuliona. Rozalia hakuwapo. Wala mwenzake wa kidato cha kwanza. Ukimtoa Mbuke, Mwashilindi nzima haikuwa na binti hata mmoja pale. Baba zao walikuwa wamemwona mtoto wa Budeba, mwanafunzi wa shule hiyo hiyo, akipita na pingu, na mtu mwenye akili timamu hapeleki mwanawe mahali ambapo polisi wanangoja langoni.

Alifikiri kwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza. Aende na sare au aende na dera? Miguu ilikuwa imevimba, akabaki langoni.

Siku ya karatasi ya mwisho, Kulwa alikuja. Alitembea kutoka Mwashilindi na mzigo kichwani, akautua langoni, akapiga goti kumsalimia Bibie. Bibie akamshika mkono amwinue, lakini alikataa kuinuka kabla hajaitikiwa.

"Yuko ndani," Bibie akasema. "Anamaliza sasa hivi. Kaa umsubiri, mama. Atafurahi."

"Sikai." Kulwa akafungua kona ya mzigo aonyeshe. Nguo zote za Mbuke, viatu vya kanisani, blanketi lake, na kidumu cha mchele juu yake. "Baba yake kasema, aliyemkamata ndiye amlishe. Kasema asirudi. Ana wadogo zake wa kike, wataolewa na nani."

Bibie akatazama lile blanketi. Lilikuwa limekunjwa vizuri, kingo kwa kingo.

"Mama Mbuke, wewe unajua hakufanya kitu."

"Najua tangu siku ile ya kwanza. Alivyoshuka kwenye pikipiki nikamwangalia nikajua. Mimi nimemzaa." Akafunga ile kona tena, akakaza fundo. "Hakuna aliyeniuliza. Hata wewe ulipokuja kunywa maziwa, uliongea na baba yake."

Akajitwisha ngata tupu kichwani, akaondoka. Hakugeuka nyuma mpaka akapotea kwenye mpunga.

Kengele ikalia. Watoto wakamwagika nje wakipiga kelele, wanatupiana maji, wanaandikana mashati kwa kalamu kama wafanyavyo kila mwaka. Mbuke akaja mbio. Bibie hakuwa amewahi kumwona anakimbia. Alikuwa na wino vidoleni na anacheka, meno yote nje.

"Afande, wameuliza mambo ya homa ya ng'ombe. Yote nimejibu. Yote." Halafu akauona mzigo. Akalitambua blanketi. Akatazama njia ya Mwashilindi, kisha akamtazama Bibie, na kicheko kikabaki usoni pake kwa sababu hakijajua bado kama kiondoke.

"Mama alikuwa hapa?"

"Alikuwa hapa."

"Amesema nini?"

Bibie alikuwa amechoka kuliko siku yoyote ya maisha yake. Angeweza kusema kesho tutaongea. Angeweza kusema amekuletea nguo tu. Akavuta kile kiti, akamkalisha Mbuke upande wenye mkono, yeye akachuchumaa chini mbele yake na sare yake yote, akamwambia neno kwa neno kama lilivyosemwa. Mbuke alisikiliza mpaka mwisho, kama baba yake. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, kama anaweza kukaa pale langoni kidogo kabla ya kurudi chumbani kwa afande, na Bibie akamwambia akae tu, hakuna anayewafukuza.